Wajibu wa Askari Kumzuia Mwenziwe: Habari za Nyololo, Makambako na Njombe

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya kwa barabara kuu hupita Mafinga, kisha Nyololo, kisha hufika Makambako, mahali ambapo njia ya Songea huachana na njia ya Zambia na reli ya TAZARA hukutana nazo zote mbili. Akishika mkono wa kushoto, baada ya mwendo wa kilomita 60 hivi atafika Njombe, katika baridi ya Ubena, kwenye mashamba ya chai, viazi na mahindi. Hata mwanzo wa mwaka 2012 nchi yote hiyo ilikuwa chini ya mkoa mmoja wa Iringa, na askari wa Makambako na askari wa Mafinga walikuwa chini ya kamanda mmoja. Mwezi wa Machi mwaka ule Njombe na wilaya jirani zake zilitengwa zikawa mkoa peke yake. Mpaka mpya ulichorwa katika ramani, lakini barabara ilibaki ile ile, wala habari hazikuacha kusafiri juu yake. Hivyo jambo lililotokea Nyololo siku ya Jumapili, 2 Septemba 2012, ingawa kwa hesabu ya serikali lilikuwa la Wilaya ya Mufindi, lilikuwa pia jambo la Makambako na la Njombe.

Siku hiyo chama cha CHADEMA kilikuwa kikifungua tawi kijijini. Taifa lilikuwa katika sensa ya watu na makazi, iliyoanza tarehe 26 Agosti na kuongezwa siku, na polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko ya kisiasa kwa sababu hiyo. Wiki moja kabla, tarehe 27 Agosti, muuza magazeti mmoja aliuawa Morogoro wakati polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa chama hicho hicho; kwa hiyo hapana aliyeweza kusema kwamba hatari haikujulikana. Huko Nyololo mabomu ya machozi yalipigwa, watu wakakimbia, na mwandishi mmoja wa habari akakamatwa na kupigwa. Daudi Mwangosi, mwandishi wa televisheni ya Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari wa Iringa, alikwenda kuuliza habari za mwenziwe. Askari walimzunguka, wakampiga kwa virungu na mateke. Kisha bunduki ya mabomu ya machozi ililipuliwa karibu kabisa na tumbo lake, naye akafa pale pale.

Waandishi wengine walikuwapo na kamera zao, na picha zikatangaa nchi nzima. Katika picha moja iliyoonwa na watu wengi zaidi kuliko nyingine, mtu mmoja yuko chini na askari kadhaa wamemzunguka. Jicho la mtazamaji humtafuta kwanza aliyeshika bunduki. Likisha kumwona, huanza kuwatazama wale wengine, na hapo ndipo lilipo swali la makala haya: wale wengine walipaswa kufanya nini?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa haki bila kutaja kwamba palikuwapo mmoja aliyefanya. Mkuu wa Kituo cha Polisi cha Mafinga alijaribu kumkinga Mwangosi kwa mwili wake. Aliwaambia askari waache, kwamba mtu huyu ni mwandishi. Naye Mwangosi alimshika kama mtu anayezama ashikavyo gogo. Mlipuko uliomwua mwandishi ulimjeruhi na ofisa huyu. Watu wengi waliosimulia habari za Nyololo waliipita sehemu hii haraka, labda kwa kuwa hasira yao dhidi ya jeshi zima haikuacha nafasi ya kumsifu askari hata mmoja. Walakini sehemu hii ina mafunzo kuliko nyingine zote. Yaonyesha kwamba kuzuia kuliwezekana kufikiriwa, maana palikuwa na mtu aliyekufikiri na kukutenda. Yaonyesha tena kwamba cheo peke yake hakikutosha. Ofisa alitoa amri kwa watu walio chini yake, mahali pa wazi, mchana, na amri haikutiiwa. Jeshi lililofundishwa miaka mingi kwamba utii ndio roho ya kazi lilikosa utii saa ile ile ambayo utii ungaliokoa maisha ya mtu.

Kuelewa jinsi mambo yalivyoweza kuwa hivyo hutaka kurudi nyuma kidogo. Askari hakuzaliwa katika nchi hii kuwa mlinzi wa raia. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, alipotumwa na Wajerumani kuivunja vita ya Abushiri na wenzake pwani, aliajiri askari Wasudani huko Misri, na pamoja nao lilikuja neno la Kituruki ambalo mpaka leo kila konstebo hulitumia kwa mkubwa wake: afande. Neno hilo limekaa sana katika Kiswahili hata watu hawalisikii tena kuwa geni. Desturi iliyokuja nalo ni ya jeshi la vita, ambamo mdogo hasemi mpaka asemeshwe. Watu wa Ubena waliwajua askari hao kwa uchungu. Mwezi wa Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wabena wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Adhabu iliyofuata kusini yote haikuwa ya risasi tu. Vyakula vilichomwa na mashamba yakaharibiwa makusudi, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Waliochoma ghala walikuwa askari Waafrika chini ya maofisa Wajerumani. Kumzuia mwenzake kuchoma lisingalikuwa tendo la wajibu kwa askari yule, bali lingalikuwa uasi, na mwisho wa mwasi ulijulikana.

Mwingereza aliunda polisi wa Tanganyika mwaka 1919. Bila shaka kazi ilibadilika. Vituo viliongezeka, na askari akaanza kufundishwa kuandika maelezo na kutoa ushahidi mahakamani. Lakini mpango wa jeshi ulibaki wa kijeshi: gwaride, safu, nyumba za kambi, uhamisho kwa amri, na cheo kinachotoka juu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 bendera juu ya kituo ilibadilika. Jina halikubadilika sana: hata sheria ya Bunge, Sura ya 322, huliita jeshi.

Hata hivyo taifa huru lilipata mapema somo juu ya jambo hili. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa kwa kushukiwa mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi. Baadhi yao waliteswa mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama, na wengine walikufa. Habari zilipofika kwa Rais Nyerere, viongozi kadhaa waliacha kazi. Mmoja wao, mwaka 1977, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, ambaye hakumgusa mtu hata mmoja kwa mkono wake, lakini alikubali kwamba lililotendwa na walio chini yake lilikuwa mzigo wake. Baadaye maofisa kadhaa walishtakiwa na kufungwa. Tanzania hukumbuka kujiuzulu kwa Mwinyi kwa heshima, na ni haki. Hakukumzuia kuwa Rais mwaka 1985. Pamoja na hayo, kumbukumbu hiyo imeelekeza fikira za watu upande mmoja tu. Imefundisha kwamba mkubwa hujibu kwa kosa la mdogo. Haikufundisha kwamba mdogo, au aliye sawa, hujibu kwa kosa la mwenziwe alilolitazama. Katika vile vyumba vya Mwanza na Shinyanga palikuwa na walioshika funguo, walioleta maji, walioandika majina katika kitabu cha mahabusu. Hao historia haikuwauliza neno. Waziri alikuwa mbali nao. Na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sheria yenyewe si bubu. Katiba ya mwaka 1977, kwa nyongeza ya haki za binadamu ya mwaka 1984, inakataza mtu kuteswa au kutendewa kwa namna ya kumtweza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humwamuru askari asitumie nguvu kupita ile inayohitajiwa kumkamata mtu, na humtaka amtendee aliyekamatwa kwa utu. Sheria ya Polisi nayo huhesabu kuzuia uhalifu kuwa kazi ya jeshi. Haisemi kwamba uhalifu ukitendwa na mwenye sare hugeuka kuwa kitu kingine. Askari amwonaye mwizi akivunja duka la watu na kupita kando angeshtakiwa kwa kuzembea kazi. Basi amwonaye askari akivunja mbavu za mahabusu na kupita kando, kwa hoja gani angesamehewa?

Ugumu huja katika ushahidi. Kanuni ya Adhabu humhesabu kuwa mkosaji si yule atendaye peke yake, bali na yule amsaidiaye, pamoja na anayeacha kutenda kwa nia ya kumwezesha mwingine atende. Nia hiyo haionekani kwa macho. Mahakama, kwa busara ya siku nyingi, hukataa kumfunga mtu kwa sababu tu alikuwapo. Na busara hii humlinda mpita njia, tena yapasa iendelee kumlinda. Lakini askari aliye kazini si mpita njia. Mpita njia hana amri juu ya mtu; askari anayo. Mpita njia akijitia kati aweza kupigwa. Askari akijitia kati, sare yake yenyewe ni neno. Sheria inayomtazama askari kwa macho ya mpita njia humpa nguvu za serikali asubuhi na kumnyang'anya wajibu wake jioni.

Mataifa yaliliona jambo hili zamani. Tarehe 17 Desemba 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za mwenendo kwa maofisa wa kusimamia sheria. Kanuni ya nane huwataka si kuiheshimu sheria tu, bali kuzuia na kupinga kwa bidii uvunjaji wake kadiri ya uwezo wao, na kuwaarifu wakubwa wanapoamini kwamba umetokea au utatokea. Neno lenye uzito hapo ni kupinga. Kuarifu hufanywa baadaye, kwa karatasi. Kupinga hufanywa wakati ule, mkono wa mwenzako ungali juu.

Baada ya Nyololo zilifanywa chunguzi kadhaa. Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda kamati chini ya Jaji Steven Ihema. Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri walituma timu yao. Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya Jaji Amiri Manento, ilitoa taarifa yake Oktoba 2012. Tume hii ilisema wazi kwamba polisi walivunja haki za binadamu. Tena ilieleza kasoro ambayo kwa mtazamaji wa kawaida yaweza kuonekana ndogo: kwamba amri ya kuzuia shughuli za chama ilitolewa na kamanda wa mkoa, na kwa mujibu wa sheria haikuwa yake kuitoa, bali ya ofisa wa polisi wa eneo. Kasoro hiyo si ndogo. Kama amri ya kwanza ilitolewa na asiyestahili, basi kila askari aliyekuwa Nyololo alikuwa akitii kitu ambacho sheria haikukipa nguvu, na hakuna hata mmoja aliyesimama kuuliza. Mtu asiyezoea kuuliza amri imetoka wapi hatapata ghafula nguvu ya kuuliza kirungu kinakwenda wapi.

Mahakamani alifikishwa mtu mmoja. Alikuwa konstebo kijana, naye alishtakiwa kwa mauaji. Mwezi wa Julai 2016, karibu miaka minne baada ya kifo, Mahakama Kuu iliyoketi Iringa ilimwona na hatia ya kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Hukumu ilitimiza kazi yake juu ya aliyeletwa mbele yake. Mahakama haiwezi kumhukumu asiyeletwa. Wale waliopiga kwa virungu kabla ya mlipuko, na wale waliosimama wakatazama, hawakujibu shtaka lolote la mauaji. Katika miaka hiyo jeshi lilikuwa likiwahubiria raia utii wa sheria bila shuruti, na maneno hayo yalikuwa mazuri. Yangalikuwa mazuri zaidi kama yangalibandikwa ndani ya kituo, yakitazama kaunta kutoka upande wa askari.

Msomaji asidhani kwamba aibu hii ni ya nchi maskini peke yake. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis katika Marekani, polisi mzoefu alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa, mpaka akafa, mbele ya polisi wenziwe watatu. Jeshi la mji ule lilikuwa na kanuni iliyoandikwa tangu mwaka 2016 kwamba polisi lazima amzuie mwenziwe anayetumia nguvu isiyo halali. Kanuni ilikuwapo, na mtu akafa. Mmoja wa wale watatu, mgeni kabisa kazini, aliuliza mara mbili kama haifai kumgeuza mtu yule ubavu. Akaambiwa hapana, akanyamaza. Mwezi wa Februari 2022 mahakama ya shirikisho iliwaona wawili kati yao na hatia, pamoja na mambo mengine, kwa kushindwa kuingilia kati. Kule Buffalo, miaka kumi na minne kabla ya kifo cha Floyd, mwanamke polisi aitwaye Cariol Horne alimzuia mwenziwe aliyekuwa akimkaba mtu shingo. Alifukuzwa kazi mwaka 2008 na kukosa kiinua mgongo, naye hakurudishiwa haki yake ila mwaka 2021, kwa amri ya mahakama. Aliyezuia aliadhibiwa mapema kuliko wale wasiozuia.

Ukiweka Nyololo kando ya Minneapolis huonekana tofauti yenye maana. Minneapolis aliyesema alikuwa mdogo, na mkubwa hakumsikia. Nyololo aliyesema alikuwa mkubwa, na wadogo hawakumsikia. Kwa hiyo maelezo yaliyozoeleka, kwamba askari hunyamaza kwa kumwogopa mkubwa, ni nusu ya ukweli. Kundi likisha kupata joto lina mkubwa wake lenyewe, asiye na nyota begani. Neno la mmoja hushindwa, awe na cheo au asiwe nacho. Hushinda wakiwa wawili au watatu waliokwisha kuafikiana kabla ya siku yenyewe. Polisi wa New Orleans walielewa hivyo walipoanza, mwaka 2016, kuwafundisha askari wao namna ya kumzuia mwenzao, kwa msaada wa Ervin Staub, mtaalamu wa saikolojia aliyeokoka utotoni katika mauaji ya Wayahudi wa Hungaria. Huko kuzuia hufundishwa kwa mazoezi, kama gwaride lifundishwavyo: neno la kwanza ni lipi, mkono ushikwe wapi, na anayezuiwa akubalije bila kuona kwamba ameaibishwa. Jambo la mwisho hilo ndilo gumu, na ndilo lisilowahi kutiliwa maanani katika mafunzo mengi.

Maisha ya askari katika mji kama Makambako au Njombe huufanya ugumu huo uzidi. Kituo ni kidogo. Askari hukaa nyumba za mstari mmoja, wake zao huchota maji bombani pamoja, watoto husoma shule moja. Mwenzako leo ndiye atakayekulinda kesho usiku katika doria ya barabarani, ambako malori ya Zambia hulala na wezi hawalali. Kumkamata mkono mbele ya watu ni kumfanya adui wa nyumba ya pili. Tena anayeandika taarifa juu ya mwenziwe aweza kujikuta amehamishwa mbali, bila kuambiwa kosa lake. Haya si visingizio. Ni hesabu anayoipiga mtu kwa nukta chache, na anayetaka askari azuie lazima aibadili hesabu hiyo kabla ya siku ya kirungu.

Upande wa pili wa hesabu ni raia. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Njombe ilipatwa na msiba wa watoto kuuawa, na mji ukajaa hofu. Polisi walihitaji kitu kimoja kuliko vyote, yaani watu waje waseme walichokiona. Mtu huenda kituoni kusema kama anaamini kwamba akiingia mlangoni kwa miguu yake atatoka kwa miguu yake, na imani hiyo haijengwi na aliye mwema akiwa peke yake. Hujengwa watu wanapojua kwamba akitokea mbaya, mwema atamshika mkono. Mwaka 2023 tume ya Rais juu ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza kwamba Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa chombo cha huduma. Wengine walilichukulia pendekezo hilo kuwa mchezo wa majina. Lakini neno afande limedumu tangu 1889, na adabu yake imedumu pamoja nalo.

Daudi Mwangosi alizikwa kijijini kwao Busoka, katika nchi ya Tukuyu. Kutoka Iringa kwenda huko kwa gari hakuna njia nyingine ila ile ile ya barabara kuu: hupita Mafinga, hupita Nyololo, kisha hupita Makambako.